Afisa Mipango si Afisa Mipangomiji: binti wa Mabatini ana siku tisa za kuchagua chuo

Shikamoo mama.

Mimi ni msichana wa miaka 20, nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, tahasusi ya EGM. Nimepata B ya Jiografia, C ya Uchumi na D ya Hisabati. Naishi na mama yangu Mabatini, Mwanza, kule juu kabisa ambako bodaboda inakushusha chini ya mawe na wewe unamalizia kwa miguu. Mama anauza dagaa. Anawafuata Mwaloni Kirumba alfajiri na kuwauza Mlango Mmoja. Baba alifariki nikiwa darasa la tano.

Nilipokuwa kidato cha tatu, watu wa urasimishaji, wale wanaopanga na kupima mitaa iliyojengwa bila mpango ili wenyeji wapate hati, walikuja mtaani kwetu. Kati yao alikuwepo dada mmoja aliyevaa buti na kofia ya jua, mkononi ana ramani kubwa aliyoikunja ndani ya bomba la plastiki. Kijana aliyekuwa akimsaidia aliteleza kwenye mawe akaumia mguu, basi akaniomba nimshikie ncha ya futi kamba. Nikashika siku ile, kesho yake nikaenda tena, nikashinda nao siku nne. Aliniuliza maji ya mvua yanapita wapi, msiba ukitokea jeneza linapitishwa wapi, watoto wanachezea wapi. Sikuwahi kuona mtu wa ofisini akiuliza maswali kama hayo, tena akiniuliza mimi. Siku ya mwisho akanionyesha nyumba yetu kwenye ramani, kisanduku kidogo, na pembeni njia inayopita nyuma ya choo cha jirani. Akasema njia ile ikifika upana wa mita mbili, machela itapita. Mama, mwaka mmoja kabla ya hapo bibi yangu alishushwa mlimani usiku mgongoni kwa mtu, na alipofika barabarani alikuwa ameshakata roho. Nilishindwa hata kumjibu yule dada.

Kazi yao haikuisha. Wazazi wetu walichanga, kampuni ikaacha kuja, na mpaka leo hatuna hati wala hiyo njia. Lakini tangu siku zile nikiulizwa nataka kuwa nani, jibu langu ni moja.

Sasa nimechaguliwa vyuo viwili. Kimoja ni Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, Shahada ya Mipangomiji na Mikoa, miaka minne. Kingine ni Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, Dodoma, shahada ya mipango ya maendeleo ya mikoa, miaka mitatu. Natakiwa nithibitishe kimoja na zimebaki siku tisa.

Mjomba wangu yuko Dodoma, ni fundi rangi, ana chumba cha ziada Nkuhungu. Anasema nije kwake, nisilipe kodi, nisome miaka mitatu nimalize, kwa sababu "mipango ni mipango, yote yanaishia halmashauri". Mwalimu wangu wa Jiografia anasema nikiiacha Ardhi nitajuta. Jirani yetu ambaye alimaliza chuo na hana kazi anasema vyote ni kupoteza muda, ningeomba ualimu. Mama anasema, "Chagua mwanangu, mimi nitakuombea," lakini juzi usiku nilimsikia akihesabu hela, akirudia kuzihesabu. Dar hatuna ndugu.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Sijui kuchora. Shule yetu kompyuta tulizishika mara chache mno. Nikifika huko nikikuta wenzangu wametoka shule kubwa, si nitaaibika?

Naomba unisaidie.

Aliyeshika futi kamba, Mwanza

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine kwa sababu ya hizo siku tisa. Pole kwa bibi. Nimeisoma sehemu ile mara tatu, na nitairudia huko mbele kwa sababu ndiyo inayojibu swali lako, kuliko alama zako na kuliko chumba cha Nkuhungu.

Nianze na mjomba, kwa heshima zote. Mjomba anakupenda, na chumba cha bure si kitu kidogo kwa mtoto wa muuza dagaa. Lakini hapo kwenye "mipango ni mipango" amekosea, na ni kosa ambalo nimeona likiwagharimu vijana wengi. Ingia halmashauri yoyote ya nchi hii. Utamkuta Afisa Mipango na utamkuta Afisa Mipangomiji. Majina yao yanafanana kama mapacha, lakini kila mmoja ana kazi yake, na walisomea vitu tofauti.

Afisa Mipango anakaa upande wa bajeti na uratibu. Swali lake ni kata hii ina zahanati ngapi, fedha za darasa zitoke wapi, mradi upi uanze mwaka huu na upi usubiri. Ndiye anayeendesha ule utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, anayekaa na wanakijiji chini ya mti mpaka waseme shida yao ya kwanza ni maji au ni barabara. Ni kazi ya maana sana. Wakati mwingine mtu huyu akikosea hesabu, kijiji kinakaa miaka mitano bila kisima.

Afisa Mipangomiji anakaa upande wa ardhi. Yeye anauliza hiyo zahanati ikae kiwanja kipi, barabara ya kufika hapo iwe na upana gani, korongo lile liachwe wazi au lijengwe, shule iwe mbali kiasi gani na nyumba ya mwisho. Anatoa mchoro, ule ambao watu mtaani wanauita TP. Mchoro ukipitishwa ndipo mpima anakuja kuweka bikoni, yaani alama za mipaka, na baada ya hapo ndipo habari ya hati inaanza. Dada uliyemshikia futi kamba alikuwa anafanya kazi ya upande huu.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza chuo gani, jiulize unataka kiti kipi kati ya hivyo viwili. Na wewe, mwanangu, katika barua yako nzima hukutaja bajeti hata mara moja. Umetaja maji ya mvua, jeneza, machela, njia ya nyuma ya choo.

Nitakueleza jambo nililoliona kwa macho yangu. Kwenye halmashauri niliyofanyia kazi kabla ya kustaafu, alikuja kijana kujitolea. Mchapakazi, ana adabu, anajua watu. Alikaa nasi karibu miaka miwili, na kila nafasi za Afisa Mipangomiji zilipotangazwa aliomba. Mara tatu jina lake halikutoka hata kwenye orodha ya usaili. Shahada yake ilikuwa na neno "mipango" ndani yake, naye wakati anaomba chuo aliamini kama anavyoamini mjomba wako. Hakuna aliyemdanganya. Hakuuliza, basi. Mara ya tatu nilimkuta amekaa kwenye benchi la nje na simu mkononi, nikakosa la kumwambia.

Ndiyo maana nawaomba vijana wote wanaoniandikia kuhusu vyuo wafanye jambo moja kabla ya kusoma vipeperushi vya chuo: waingie kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, watafute matangazo ya kazi wanayoitaka, na wasome kwa makini shahada zinazotajwa kwenye sifa za mwombaji. Jina la shahada yako liwe mle. Kisha kuna Bodi ya Usajili wa Wataalamu wa Mipangomiji, iliyowekwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2007. Kusajiliwa huko kunataka shahada ambayo Bodi inaitambua, na uzoefu wa kazi juu yake. Bila usajili utaweza kuajiriwa kumsaidia mtu mwingine, lakini mchoro hautatoka kwa jina lako. Wapigie simu au waandikie. Uliza swali moja, lililo wazi, ukitaja jina la shahada kama lilivyoandikwa kwenye barua yako ya kuchaguliwa: je, mhitimu wa shahada hii anasajiliwa na Bodi kama mtaalamu wa mipangomiji? Fanya hivyo kesho asubuhi. Usiniamini mimi wala mwalimu wako, na usimwamini hata afisa udahili wa chuo, mpaka uwe umesikia kutoka kwa Bodi yenyewe.

Sasa tuje kwenye vyuo vyenyewe.

Chuo cha Mipango cha Dodoma nakiheshimu. Kimekuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, kilianzishwa kwa ajili ya vijiji, na waliotoka pale wamejaa kwenye ofisi za mipango za halmashauri nchi nzima. Na mji wa Dodoma wenyewe ni darasa. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulifanyika 1973, mpango kabambe wa kwanza ukatoka 1976, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaendesha ardhi ya pale mpaka ilipovunjwa 2017. Leo Mji wa Serikali unajengwa Mtumba. Anayetaka kuona mji unavyokua kutoka kwenye karatasi, pale ataona. Kama ungeniandikia kwamba kinachokusumbua ni kwa nini kata yako haina zahanati na kata ya jirani ina mbili, ningekwambia panda basi uende kwa mjomba na usigeuke nyuma.

Ardhi ina kitu kingine, nacho ni studio. Hili neno utalisikia sana. Studio ni chumba chenye meza kubwa za kuchorea, lakini zaidi ya chumba ni namna ya kufundishwa. Mnapelekwa kwenye mtaa halisi. Mnahesabu nyumba, mnaulizia maji, mnapima njia, mnajua nani mpangaji na nani mwenye nyumba. Mnarudi mnachora. Kisha unasimama mbele ya walimu, kazi yako imebandikwa ukutani, na wanaikosoa mstari kwa mstari mbele ya wenzako. Utalia siku ya kwanza. Karibu wote tulilia. Halafu unafuta unachora upya, na hapo ndipo unaanza kujua kazi. Ule mwaka wa nne ambao mjomba anauona wa ziada umebebwa kwa sehemu kubwa na masaa haya ya studio.

Chuo chenyewe kina historia ndefu. Kilianza 1956 kama shule ndogo ya kufundisha wapima ardhi, kikawa Chuo cha Ardhi miaka ya 1970, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 1996, na tangu 2007 ni chuo kikuu kinachojitegemea. Mimi nilipita pale kabla hakijawa chuo kikuu, enzi za Stashahada ya Juu. Lakini nakuomba usikichague kwa ajili ya historia. Kichague kwa studio, na kwa mji unaokizunguka.

Dar es Salaam ilikuwa na watu 5,383,728 kwenye sensa ya 2022, na sehemu kubwa yao wanaishi kwenye maeneo ambayo hayakupangwa kabla ya kujengwa, kama kwenu. Hapo hapo mjini utaiona Sinza, iliyotokana na mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya 1970, ambako viwanja vilipimwa kwanza ndipo watu wakajenga; ukivuka tu uko Manzese, ambako katika mradi huo huo serikali haikuvunja nyumba za watu, iliingiza barabara na maji kati ya nyumba zilizokuwepo. Mitaa miwili jirani, mawazo mawili tofauti kuhusu maskini na ardhi. Nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa nikitembea kutoka mmoja hadi mwingine siku za Jumamosi, peke yangu, na nilijifunza mengi kwa miguu ile. Utakapofika, anza na Manzese. Mlima wenu unahitaji mawazo yale zaidi ya yale ya Sinza.

Umesema hujui kuchora. Mwanangu, kuchora kwa mpangaji miji si kuchora sura ya mtu. Ni kuweka kitu mahali pake kwa kipimo sahihi, na hilo hufundishwa kuanzia kushika rula. Shule zetu nyingi hazina somo la uchoraji wa kiufundi, kwa hiyo wengi wa hao unaowaogopa wataanzia pale pale utakapoanzia. Hisabati utakayoitumia ni ya vipimo, miteremko, maeneo, makadirio ya idadi ya watu na takwimu. D yako inakutaka ufanye mazoezi, haikufungii mlango.

Nikupe hesabu moja sasa hivi uone ninachokisema. Chukua ramani ya kipimo cha 1:2,500. Sentimita moja kwenye karatasi ni mita 25 ardhini. Sasa ile njia ya mita mbili, ya machela, itakuwa na upana gani kwenye karatasi? Piga hesabu. Haifiki milimita moja. Ni unene wa mstari wa kalamu. Mtu ambaye hakupanda mlima wenu anaweza kuifuta asijue amefuta nini. Yule dada aliiona kwa sababu alikuja na buti akakuuliza wewe.

Na mimi nimewahi kuwa yule asiyeona. Mwaka wangu wa pili kazini, kwenye mji mmoja wa milimani, nilichora barabara nzuri iliyonyooka kuunganisha mtaa wa chini na wa juu. Mistari ya mwinuko ilikuwa imebanana pale, dalili ya mteremko mkali, nami nilikuwa na haraka, nikaikatiza. Mchoro ukapita. Viwanja vikagawiwa kwa kuifuata barabara ambayo hakuna gari lingeweza kuipanda. Mzee mmoja alinishika mkono akanipeleka mpaka pale, akaniambia, "Mama, wewe uliyechora, panda." Nilipanda kwa magoti. Watu wa mtaa ule wanazunguka mpaka leo. Sijawahi kuchora mstari tena bila kutembea kwanza, na ndiyo sababu nang'ang'ania studio inayowatoa wanafunzi nje.

Kuhusu kompyuta, usisubiri chuo. Kuna programu ya kuchorea ramani inaitwa QGIS, ni ya bure, na ukiijua hiyo zile za kulipia hazitakutisha. Mwombe mwalimu wako wa Jiografia mashine kwa saa chache kila siku. Vilevile fungua OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kawaida, utafute Mabatini. Angalia kama njia yenu ipo. Kama haipo, ichore wewe. Mwaka 2011 wanafunzi wa Ardhi walishirikiana na wakazi kuchora ramani ya Tandale namna hiyo hiyo, na kuanzia 2015 kazi ya Ramani Huria ikaendelea kwenye kata nyingine za Dar zinazofurika mvua ikinyesha. Waliofanya kazi ile walikuwa vijana wa umri wako, wakitembea na wajumbe wa mtaa uchochoro kwa uchochoro.

Sasa pesa, maana ndiko mama aliko usiku.

Kwanza, ulishaomba mkopo? Baba amefariki, na hilo Bodi ya Mikopo inalizingatia, lakini hadi cheti cha kifo kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo. Nimeona watoto yatima wakikosa mkopo kwa sababu waliambatanisha nakala isiyohakikiwa. Kama hicho hakijakamilika, ndicho kinachokuja mara tu baada ya ile simu ya Bodi ya mipangomiji. Pili, kwenye mkopo, mbali na ada na bumu la chakula na malazi, kipo kipengele cha mahitaji maalumu ya kitivo. Fani ya studio ina gharama zake, kuna karatasi, kuna kuchapisha michoro mikubwa, na mwisho utahitaji kompyuta mpakato. Kiulizie. Usipoona jina lako kwenye awamu ya kwanza, usirudishe begi kabatini. Awamu huwa zaidi ya moja, na lipo dirisha la rufaa.

Malazi, omba bweni mapema kadiri inavyowezekana. Ukikosa, wanafunzi wa pale huchangia vyumba upande wa Makongo na Changanyikeni, wawili au watatu kwa chumba, na wakubwa zako chuoni watakuonyesha. Na mjomba, zungumza naye kwa upole. Mshukuru kwa chumba. Kisha mweleze tofauti ya hizi kazi mbili kama nilivyokueleza, umwombe kama anaweza kukuchangia kodi ya miezi michache ya mwanzo, kabla bumu halijaanza kushuka. Fundi rangi anaelewa vizuri kwamba msumari na skrubu vinafanana na havifanyi kazi moja.

Na kaa na mama. Mchukulie daftari, usiku huo huo anaohesabu, muandike pamoja: nauli ya Mwanza hadi Dar, godoro, ndoo, wiki za mwanzo. Jumlisheni miaka mitatu ya Dodoma na minne ya Dar, muone tofauti halisi ni shilingi ngapi. Anachokihesabu peke yake gizani huenda ni kikubwa kuliko kilichopo kweli, na kama ni kikubwa hivyo, ana haki ya kukueleza naye akasikilizwa.

Jirani yenu hasemi uongo kuhusu ajira. Nafasi za serikali hutoka kwa vipindi, na wahitimu wengi huanza kwa kujitolea au kwa posho ndogo kwenye kampuni binafsi za mipangomiji na upimaji. Jiandae kwa mwaka au miwili ya namna hiyo. Lakini nchi hii ina vijiji zaidi ya 12,000 ambavyo kila kimoja kinatakiwa kuwa na mpango wa matumizi ya ardhi, na kila mji ninaoujua unapanuka haraka kuliko michoro yake. Kazi ipo nyingi kuliko waliopewa barua za kuifanya. Ualimu ni kazi tukufu, kaisome kama unautaka. Kuusomea kwa hofu, huku moyo uko mlimani, utawaonea watoto wa watu.

Kwa hiyo, kama Bodi ya mipangomiji watakujibu ninavyotarajia, na kama mkopo umeshauomba, thibitisha Ardhi. Kama karatasi za mkopo hazikuwahi kwenda kabisa na familia haina namna, basi thibitisha Dodoma, lakini nenda ukijua kwamba unakwenda kuwa Afisa Mipango, uipende kazi hiyo kwa jina lake, usikae miaka mitatu ukisubiri igeuke nyingine. Wasomaji wengine ambao alama zao hazikutosha kwa shahada, vipo vyuo vya ardhi vya Tabora na Morogoro vinavyotoa stashahada za fani za ardhi. Ni njia ndefu kidogo, ila nimefanya kazi na watu waliopita huko na walikuwa mafundi kweli.

Limebaki la ile kampuni iliyochukua michango ikapotea. Msilinyamazie. Mwendee mwenyekiti wa mtaa pamoja na waliokuwa kwenye kamati ya urasimishaji, muandike barua kwa ofisi ya ardhi ya halmashauri mkiuliza kazi ile ilifikia hatua gani. Inawezekana mchoro ulishawasilishwa na umelala kwenye faili. Ambatanisheni risiti za michango, hata kama ni tatu tu zilizobaki. Na kampuni nyingine ikija, kabla ya kutoa senti, ulizeni kama imesajiliwa na Bodi ya mipangomiji.

Wewe mwenyewe, katika hizi wiki kabla ya kusafiri, tafuta tena futi kamba. Pima njia ya nyuma ya choo cha jirani kila baada ya hatua kumi, uandike upana wake pale inapobana na pale inapopanuka. Hesabu ngazi za mawe kutoka nyumbani hadi barabarani. Andika mvua ikinyesha maji yanaingia wapi na yanatokea wapi, na ni nyumba ya nani inayopata shida ya kwanza. Liweke daftari hilo kwenye begi la mkononi, lisiende chini kwenye buti ya basi.